Jirani Aliyehama Migosi

Mpendwa mjukuu wangu Akinyi,

Huku Kisumu tuko salama, ila goti la babu yako halijapona. Umeniuliza kwa nini huko uliko kila kabila linakaa mtaa wake.

Miaka ya themanini tulipanga nyumba Migosi, mtaa wa hapa Kisumu, ukuta mmoja na Mama Njeri, Mkikuyu muuza viazi. Ndiye aliyempokea baba yako Otieno nilipojifungulia nyumbani. Baadaye zikaja habari za mapigano ya kikabila kwingine nchini. Kwetu hakuna aliyemgusa. Watu waliacha tu kununua viazi vyake, na salamu zikapungua.

Asubuhi moja nikamkuta akifunga magodoro.

"Nani amekutisha?" nikamuuliza.

"Hakuna. Lakini nikipita, watu wananyamaza. Nimechoka, Mama Otieno. Acha niende kwa watu wetu."

"Na mimi je?"

Akanishika mkono. "Wewe ni mmoja tu."

Alihamia Nyeri, hatukuonana tena. Nyumba yake ikachukuliwa na mtu wa kwetu, Mjaluo, na majirani wakafurahi: "Sasa tumebaki sisi kwa sisi." Nililia jikoni, maana yule ambaye ningemwendea kulia ndiye aliyeondoka.

Ningependa kukuandikia kwamba mambo yamebadilika, mama. Sioni.

Nyanya yako akupendaye.