Madoa Thelathini na Moja

Jumatatu, 4 Machi
Nimeanza ukuta wa makumbusho. Mita nane kwa tatu, nakala ya michoro ya pango zima la watu wa kale, na Ijumaa mgeni mkubwa anakuja kuukagua. Kazi nimepewa na mdogo wangu, Profesa. Kwa mkurugenzi amenitambulisha: huyu ndiye fundi wetu wa rangi. Fundi wetu! Tumenyonya ziwa moja, lakini haya.

Jumanne, 5 Machi
Nimefika kwenye madoa. Safu ya madoa mekundu juu ya swala. Kitabu cha Profesa kinasema ni ishirini na nane, hesabu ya mwezi, kazi ya makuhani. Kurasa arobaini! Nimehesabu kwenye picha ya pango mara tatu: thelathini na moja. Nikamwuliza. Eti matatu ya mwanzo ni uchafu. Uchafu wa duara, saizi moja, mstari mmoja! Ningehesabu milango ya kupaka hivyo nisingebaki na mteja hata wa dawa.

Na kuna jingine. Doa la kwanza zito, limechuruzika. La pili vilevile. Kisha yanalainika, yanalainika, mpaka la mwisho — rangi ileile ya swala. Kuhani gani? Huyo ni mtu anajaribu rangi! Mimi hujaribu nyuma ya mlango. Yeye hakuwa na mlango.

Jumatano, 6 Machi
Sikutaka kubishana kwa mdomo mtupu. Nimesaga udongo mwekundu, nikachanganya na shahamu ya ng'ombe, nikajaribu kwa kidole kwenye ubao. Rangi ilikubali kwenye doa la kumi na tisa. Mimi, mwenye miaka ishirini na sita kazini! Yule wa pangoni thelathini na moja — pengine ndiyo kwanza alikuwa anajifunza.

Alasiri nikampelekea ubao. Alicheka mpaka miwani ikamtoka. "Dada, wale walikuwa wanaongea na mizimu, wewe unawafanya wapaka kuta!" Nikamwambia mizimu haichuruziki. Akaacha kucheka. Amri: madoa yawe ishirini na nane, rangi moja, watazamaji wasichanganyikiwe. La sivyo atamwita mwanafunzi wake ayamalizie.

Niliacha shule darasa la saba ili huyu asome. Sikujua kusoma kunaharibu macho.

Alhamisi, 7 Machi
Nimepaka thelathini na moja. Kama yalivyo. Na michuruziko yake.

Ijumaa, 8 Machi
Niko koridoni, nimekalia ndoo. Wao wako ndani. Profesa alichelewa, akauona ukuta pamoja na mgeni — hakupata nafasi ya kunigombeza. Uso ukamgeuka plasta mbichi.

Mlango uko nusu wazi. Mgeni, mama wa makamo mwenye daftari, ameuliza kwa nini madoa ya mwanzo ni mazito. Mdogo wangu akajibu kwa sauti ya mimbari: utafiti wake wa karibuni unaonyesha mchoraji alikuwa akijaribu rangi.

Utafiti wake! Wa tangu juzi alasiri, kwenye ubao wangu!

Mgeni amefurahi. Sasa anataka zaidi: udongo ulisagwa vipi? Shahamu kiasi gani? Rangi inakubali kwenye doa la ngapi?

Nasikia viatu vya Profesa vinakuja huku.

Kichwa chake kimetokeza mlangoni. Jasho tele. Ananipungia, njoo upesi. Nimemwonyesha kalamu: naandika, asubiri.

Anapunga tena — kwa mikono miwili sasa.