Maksi za Ndeshi

Jumatatu, 4 Mei
Kliniki ya macho Kibaha, foleni mpaka nje. Wiki hii napima mienendo ya madaktari wetu na wanafunzi wao. Si ufundi wa mikono. Wanaongeaje na mgonjwa, wanasema ukweli, wanamheshimu? Kazi hii kila mtu aliikwepa, ikaniangukia mimi. Ndeshi, mwanafunzi wetu kutoka Moshi, bado mzito kwenye upasuaji. Lakini hagusi jicho la mtu kabla hajamweleza anachotaka kufanya. Nampenda kwa hilo.

Jumatano, 6 Mei
Dokta Mbwana, mkuu wetu, kaingia ofisini kwangu, kafunga mlango. Anataka Ndeshi afelishwe maadili.

Chanzo ni Bi Zuhura wa Kisarawe. Mbwana alimfanyia upasuaji wa mtoto wa jicho, kifuko cha lenzi kikapasuka, lenzi ya bandia haikuwekwa. Hutokea, hata kwangu. Ila yeye alimwambia bibi kuwa jicho limechoka kwa uzee, avumilie. Ndeshi akabaki wodini, akamweleza ukweli, akamsihi awahi kurudi awekewe lenzi.

"Katuvua nguo mbele ya mgonjwa," kasema Mbwana. "Wewe nimekufundisha mimi. Unajua la kufanya."

Nikainamia mafaili yangu. Nimejichukia.

Alhamisi, 7 Mei
Nimemwita Ndeshi. Nimemuuliza kwa nini hakumfuata Mbwana kwanza. Kumbe alimfuata, akafukuzwa.

"Bibi alinishika mkono, Dokta. Akaniuliza, mwanangu, ni uzee kweli? Ningemjibu nini?"

Akifeli anarudia mwaka mzima. Anaogopa. Na mimi naogopa. Mkataba wangu anausaini Mbwana.

Jumamosi, 9 Mei
Kliniki ya mkoba, tumewafuata wagonjwa Kisarawe. Mvua tangu asubuhi, viatu vimejaa udongo. Bi Zuhura kaja na mwanawe. Nimempa shikamoo, nikampima. Anaona vidole vikiwa karibu sana, zaidi ya hapo ukungu. Ila nyuma ya jicho hakuna tatizo. Lenzi bado inaweza kuwekwa.

Nimewaomba radhi. Mwanawe akafoka, eti tunawaona watu wa shamba hawana akili. Sikumkatiza. Ana haki.

Bibi hakupandisha sauti. "Mimi msusi wa mikeka. Niliposikia ni uzee, nikaanza kugawa ukili wangu kwa majirani. Yule binti ndiye aliyenizuia."



Jumatatu, 11 Mei
Nimeandika. Ndeshi: maadili, kafaulu vizuri sana. Mikono iongezewe mazoezi. Mbwana: alimficha mgonjwa ukweli, kisha akataka mwanafunzi aadhibiwe kwa kuusema.

Nimempelekea mwenyewe asome kabla ya kamati ya tathmini. Sikutaka asikie kwa watu. Kasoma amesimama.

"Yaani mdogo wangu, wewe?"

Nikamwambia kuwa Bi Zuhura atalazwa wiki ijayo, lenzi nitaiweka mimi. Lakini neno la kukiri uongo ule ni lake Mbwana, siwezi kulisema kwa niaba yake. Katoka bila kuaga.

Ijumaa, 15 Mei
Mbwana hanisalimii. Wakati wa chai wenzangu wamehamia meza nyingine. Kamati imekubali maksi za Ndeshi. Za Mbwana wanasema "zinajadiliwa". Najiona msaliti. Sijuti. Hapana, najuta kidogo, hasa wakati wa chai.

Alhamisi, 21 Mei
Nimemfanyia Bi Zuhura upasuaji. Ndeshi kanisaidia, mkono umetulia kuliko zamani. Lenzi imekaa. Nimechoka vibaya, nina furaha.

Ijumaa, 22 Mei
Asubuhi tumefungua bendeji. Bibi kaangalia dirisha, kisha uso wa Ndeshi. Kamwambia, "Kumbe u mdogo hivi."

Baadaye nimepita wodini, nimemkuta Mbwana. Kavuta kiti, kakaa karibu na kitanda. Yeye huwa haketi. Sikusogea. Nilisikia tu, "Mama, nilikudanganya." Mengine aliyasema chini chini.

 Bibi akamwomba maji ya kunywa. Mbwana akamimina, akamshikia kikombe mpaka alipomaliza.