Siku Tatu za Ndizi Kule Ngenge

Jumatatu, 2 Juni 2025
Leo mimi ni mtu mkubwa! Lwakatare wa Kamachumu, herufi nimezipata uzeeni kwenye kisomo cha ngumbaru, nasikilizwa na wanaume mia nane! Mjukuu wangu Mwesiga alinirekodi nikisimulia nilivyomfukuza mke wangu Benigna arudi kwao Ngenge, akakaa miezi mitatu, akarudi akitambaa. Sauti hiyo kaitia kwenye grupu la simu. Wananiita Mzee Chuma. Nimeanika kahawa huku natembea kama jogoo.

Benigna kauliza, mwisho wa hadithi umewaambia? Nikajifanya kiziwi.

Jumatano, 4 Juni
Grupu lenyewe silielewi. Eti Wanaume Wasiopiga Magoti. Kazi yao kuwatukana wanawake tu. Na wengi hawana hata mmoja! Nikamtania Mwesiga – sasa mnamchukia nani, kivuli? Hakucheka. Kasema, babu, kule wananisalimia kila asubuhi. Hapa nina wewe na utani wako.

Utani gani tena? Babu na mjukuu si utani? Labda ile siku ya posa ya Mwesiga, kwa kina Kemilembe, yule mwalimu. Binti alikataa. Mimi, ili kuondoa aibu, nikasema mbele ya wazee: huyu mjukuu wangu hata mbuzi wangu angemkataa. Watu walicheka mpaka pombe ya lubisi ikamwagika. Kemilembe naye alicheka. Utani ulikuwa mzuri! Mzuri kabisa. Sijui.

Jumapili, 8 Juni
Baada ya misa kaja Kemilembe. Hakunisalimia. Binti aliyekuwa akinipigia goti! Kampa Benigna simu asikilize. Picha yake Kemilembe, halafu sauti yangu: "Atarudi akitambaa!" Na kicheko changu. Anatumiwa hiyo kila siku na wanaume wa grupu asiowajua. Ameacha kwenda kufundisha, anaogopa njia.

Lakini mimi nilisema ya Benigna, siyo yake! Na ya Benigna ni uongo. Uongo wa kunywea pombe! Nani mzima anaamini hadithi za Lwakatare?



Jumanne, 10 Juni
Mchana. Mwesiga kasema kesho wenzake watatu wa grupu wanatoka Bukoba, wanakwenda kwa Kemilembe. Kufanya nini? Kumfanya atambae. Wanataka kwanza neno langu, la kuwapa nguvu. Nikamuuliza, na wewe unataka? Kasema, babu, nikikataa nitabaki na nani?

 Nikashika simu, akarekodi, nikasema: vijana, ni Lwakatare. Benigna hakutambaa. Ni mimi niliyemfuata Ngenge. Shemeji zangu wakanikalisha jikoni na wanawake, nikamenya ndizi siku tatu, mji mzima unachungulia, ndipo wakanirudishia mke –

Mwesiga kakatiza kurekodi. Babu, anza upya. Hiyo watakucheka. Watatucheka.

Nikamwambia ngoja, naandika kwanza. Amekaa mbele yangu, simu mkononi, inalialia, wanauliza neno liko wapi. Benigna kaja na sinia la ndizi mbichi, kaliweka kati yetu. Visu viwili.

Mimi nimechukua changu. Hii ndizi ya tatu, utomvu umechafua karatasi. Mwesiga anakitazama kile kisu kingine. Simu bado hajaiweka chini –