Mkate wa Mutanu

Kathini uko?

Unakumbuka ile picha ya mkate nilikutumia, ukasema umeumuka kama wa duka? Ni unga wa mtama na muhogo tu, maana daktari alimkataza mwanangu Mutanu ngano kabisa. Nilijisifu sana.

Saa hii nimeingia jikoni nikapata mama mkwe amefunua mashine ya mkate ikikanda, anamwagia unga wa chapati. Unga wa chapati, Kathini. Ngano.

Nikamuuliza, "Mwaitu, mama, unafanya nini?"

Akanijibu pole pole, "Huu wako ni kama uji, haushikani. Mimi huongeza kila ukiwasha, tangu nitoke kwangu Kalamba."

Kila nikiwasha. Tangu atoke Kalamba.

Na wiki jana nilimwapia daktari kwamba mtoto hajagusa ngano. Akashangaa mbona anazidi kukonda.

Nimemweleza mama mkwe yote, kwamba ngano ndiyo inamkondesha. Ameshika mkono wa Mutanu, ule umebaki mfupa.

"Mtoto amekonda hivi," akasema, "na wewe unataka nimpunguzie chakula?"

Kesho narudi kazini. Yeye ndiye anabaki na mtoto.