Kaza Kidogo, Rajabu

Rajabu, rafiki yangu,

Kwa heshima zote, na mbele ya kuku wote wa Mbugangari, nakutangazia habari nzito: nimeshona suruali ya mguu mmoja mfupi. Mwenyewe kaivaa hadi msikitini, anatembea kama anapanda ngazi. Najua ungesemaje: "Bon, fundi, jicho lako linaona nyota, lakini muguu ya mutu halioni!"

Cheka basi. Mimi sijacheka tangu tulipokuzika.

Baada ya mazishi mlima wa moto ulitikisa mji, na kioo kikubwa cha darubini ya Daktari, yule mzee wetu wa kutazama nyota, kikahama mahali pake. Nyota zikaota mikia. Mzee wa watu akaniambia: "Mkiinyoosha itabaki hapa Gisenyi. Mkishindwa, naipeleka Ulaya." Alisema "mkiinyoosha", kwa mazoea. Sikuwa na moyo wa kumkumbusha.

Unajua kazi yenyewe. Kioo kiko chini kabisa ya lile bomba, pa kuchungulia pako juu. Mwenye jicho hafikii skrubu, mwenye skrubu haoni nyota. Nikamwita shemeji yako akae mahali pako. Mimi nikisema kidogo, yeye anashika spana kama anafungua gurudumu la lori. Nikamfukuza kabla hajazungusha.

Sokoni nimewaambia watu kwamba kioo kilipasuka. Wewe siwezi kukudanganya. Kioo ni kizima.

Nilibaki peke yangu, giza ndio linaingia. Nikaweka jicho. Nyota ina mkia, umelalia kushoto. Nikasema kama siku zote, "Kaza kidogo, Rajabu. Kidogo, we!" Halafu nikangoja. Haki ya Mungu, nilingoja. Nilingoja ukohoe kule chini, ulalamikie goti lako. Mkia haukusogea. Ningeweza kushuka, nikakaza, nikapanda kutazama, nikashuka tena, hata mwezi mzima. Sikushuka. Zile skrubu ziko pale pale vidole vyako vilipoziacha, na mimi nilishindwa kuzigusa.

Nikamwambia Daktari imeshindikana.

Masanduku ya darubini yameondoka leo kwa lori. Kamba wamefunga ovyo, wewe ungewatukana hadi Rugerero.

Spana yako nimebaki nayo. Nitaipaka mafuta kila Ijumaa, na hakuna atakayeishika kufungulia baiskeli.

Lala, ndugu yangu. Goti lisikuume tena.

Fundi wako wa suruali