Geti la Juu la Bwana Godsall

Nyumba ya Nyuma ya Kanisa,
Eardley Lacy,
Herefordshire.

Jumapili, 28 Aprili 2019

Mpendwa Mama Mdogo Rosalind,

Shikamoo, na shikamoo nyingine umpe Baba Mdogo Warwick. Hamjambo huko Dunedin, upande wa pili wa dunia? Goti lake limekubali kupanda ngazi, au bado linamnunia? Mama anasema kwenu baridi ndiyo inabisha hodi sasa, kwa hiyo jifunikeni vizuri wala msijifanye vijana.

Sisi wazima. Mvua imetupumzisha wiki hii, mitofaa imechanua, na mdogo wangu Osian ameng'oka meno ya mbele. Siku hizi akisema neno lenye "s" anapiga mluzi, mbwa wa jirani wanakuja mbio. Asante sana kwa soksi za sufu. Nimezivaa ndani ya mabuti ya mpira kila Jumamosi mpaka Mama amezificha azifue.

Najua unashangaa kuona mwandiko wangu. Kwenye simu mimi husema "mzima" halafu namkabidhi Osian. Si kwamba sina la kusema, Mama Mdogo. Maneno yanafika kooni, yanaangalia nje, yanarudi. Kwenye karatasi naweza kukata na kuanza upya, na hakuna anayeyaona masikio yangu yakiwa mekundu. Ninalotaka kukuambia linamhusu Babu. Tafadhali keti kwanza.

Tangu Bibi afariki, kila Jumamosi mimi na Babu tunatembea. Njia ni ile ile uliyokua nayo: nyuma ya makaburi, malisho ya Bwana Godsall, kijito, msitu, halafu kilima kile ambacho ukifika juu unaiona Welisi yote imelala. Babu anatangulia na fimbo yake, mimi nafuata. Nikichelewa ananingoja kwenye uzio na kusema, "Konokono mmoja amekupita, bibie. Kaniomba nikusalimie." Huwa hatuongei sana. Nadhani ndiyo maana tunapatana.

Tangu majira ya baridi nimeanza kuona mambo. Funguo zimekutwa ndani ya bati la mkate. Amenunua maziwa asubuhi, akaenda tena kununua, akaenda tena. Mara moja aliwasha jiko na kutoka nje kutazama ndege. Mama aliona pia. Alisema likitokea jambo jingine moja tu, Babu hatatoka tena nje kutembea, na itabidi tuangalie zile nyumba za wazee kule Leominster. Mama Mdogo, kule dirisha linatazama maegesho ya magari. Nilienda kuona na shule wakati wa nyimbo za Krismasi.

Sasa, Jumamosi iliyotangulia Pasaka, tulipofika malisho ya juu, mimi nilibaki nyuma kuchuma vitunguu saumu vya mwituni vya supu ya Mama. Nilipofika kwenye geti la juu nikalikuta limefungwa na komeo limeshuka. Unajua tulivyolelewa: geti liache kama ulivyolikuta. Nikapanda juu yake, nikaruka, nikaliacha limefungwa. Sikufikiria chochote. Babu alikuwa kashafika kwenye miti, anaimba.

Kumbe Bwana Godsall aliliacha wazi makusudi, ili kondoo wake washuke kijitoni kunywa maji na kurudi kwa watoto wao. Aliyelifunga ni Babu, alipopita mbele yangu. Jioni mama zao walikuwa upande mmoja, wanakondoo upande mwingine, na vilio vinasikika mpaka barabarani. Mmoja alijaribu kupenya kwenye waya akachanika mguu.

Tulikuwa mezani Bwana Godsall alipobisha. Hakuvua mabuti, nikajua kuna jambo.

"Samahani, Judith," alimwambia Mama. "Nani kafunga geti langu la juu leo?"

"Si mimi," Babu akajibu huku anapaka siagi. "Mimi napita malisho yale tangu baba yako ana nywele, marehemu. Waulize wale wa mjini wanaokuja na ramani shingoni."

Bwana Godsall hakucheka. Mama aliweka uma chini taratibu, akamtazama Babu. Mimi pia nilimtazama, nikaona kwamba hadanganyi. Hakukumbuka kabisa. Na niliona kwenye uso wa Mama ile Leominster.

Nikasema, "Ni mimi."

"Wewe?" Mama aliuliza. "Heledd, wewe uliyefundishwa mageti kabla ya kusoma?"

"Nilisahau."

Kilichoniuma si Mama. Ni Babu. Alinigeukia akanipa somo zima, kwa upole lakini mbele ya watu, kwamba geti la mtu ni kama mlango wake, na kwamba aliona haya kwa ajili yangu. Nikasema samahani Babu. Supu ya vitunguu saumu sikuimaliza.

Jumatatu ya Pasaka nilienda kwa Bwana Godsall kumnywesha yule mwanakondoo kwa chupa. Alikuwa ndani ya sanduku kando ya jiko, mguu umefungwa bandeji. Bwana Godsall alinitazama nikihangaika naye, kisha akasema, "Inua chupa, anameza hewa. Na usiniongopee tena, binti. Nilikuwa kwenye trekta. Nilimwona aliyefunga."

Nilitaka kuingia ndani ya sanduku.

"Sasa mbona ulikuja kuuliza?"

"Nilidhani atasema, 'Ah, ni mimi, zee zima hovyo,' tucheke, ninywe chai niondoke. Alipokataa vile ndipo nikaelewa." Akavua kofia, akaivaa tena. "Babu yako ndiye aliyenifundisha kukata na kusuka ua wa miiba. Sitamsema mbele ya binti yake. Lakini wewe sema. Mara hii ni geti. Mara nyingine mto utakuwa umejaa."

Siku zote zilizofuata nililibeba hilo. Shuleni nilikuwa nikiangalia ubao bila kuona kitu. Nikisema, Babu anafungiwa. Nisiposema, labda siku moja anatoka peke yake harudi.

Jumamosi ya jana tulikaa kwenye gogo msituni, maua ya buluu yamejaa chini ya miti mpaka hujui ukanyage wapi. Babu alimimina chai kutoka kwenye themosi. Nikamwambia kwa Kiwelisi. Sijui kwa nini, labda kwa sababu Kiingereza kwangu ni cha shuleni sasa, cha watu kunisikiliza na kunipa alama, na Kiwelisi ni cha jikoni kwa Bibi. Nilimwambia geti ulilifunga wewe, Babu, Bwana Godsall alikuona.

Alikifunga kifuniko cha themosi taratibu.

"Nikagombana na wewe mbele ya watu," alisema, naye kwa Kiwelisi, kile chake kibovu ambacho Bibi alikuwa akikicheka.

"Si kitu."

"Ni kitu. Natafuta siku ile kichwani, Heledd, siioni. Si kwamba ina ukungu. Haipo." Kisha akauliza, "Mama yako anajua?"

"Bado."

"Basi nitamwambia mwenyewe. Usinitangulie, nina heshima zangu kidogo bado."

Akamwambia jana hiyo hiyo, jikoni, mlango ukiwa umefungwa. Mama alitoka na macho mekundu, akaniita muongo mkubwa, akanikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Leominster haikutajwa. Babu ataendelea kutembea ila si peke yake hata siku moja: Jumamosi na mimi, katikati ya wiki na Mama. Wiki ijayo wanakwenda kwa daktari pamoja. Babu anataka kukuambia mwenyewe kwa simu. Akizunguka zunguka na habari za mvua, mwache azunguke.

Lakini kuna kimoja hatakuambia, kwa sababu hakijui. Hata Mama sijamwambia. Jana tulipofika juu ya kilima, kabla hatujashuka, alinishika mkono akaniita Rosalind. Sikumsahihisha. Niliitika. Akaniuliza huko mbali wananitunza vizuri, nikasema ndiyo, Baba. Akafurahi sana. Kisha akaniuliza nitarudi lini nyumbani. Hapo nikanyamaza, Mama Mdogo, maana jibu hilo si langu kulitoa.

Mama na Osian wanakusalimu. Bwana Godsall anasema yule mwanakondoo anakimbia, na anamsalimu Baba Mdogo Warwick. Wabusu wanao Imogen na Piers. Mungu awalinde katika baridi yenu, na awape njia kavu popote mnapokwenda.

Ni mimi mwanao nikupendaye, ninayeongea sana kwenye karatasi,

Heledd