Saba Chini ya Sifuri

Yaya Ilunga, kaka yangu mkubwa,

Mama anatetemeka. Naanza na hilo, maana ungekuwa unaniuliza habari za nyumbani, habari ni hiyo moja tu. Baridi ya kiangazi, miezi hii isiyo na mvua, imefika Kamina, upepo unapita chini ya mlango kama unavyojua, na Mama analala ndani ya mfuko wako wa kulalia bila kitu kingine juu yake. Anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Asubuhi nikimuuliza, ananijibu: "Miye siko nasikia baridi. Iko joto sana." Midomo imekuwa rangi ya majivu, kikohozi kimeanza, lakini iko joto sana! Nimechoka, yaya. Nimechoka kabisa.

Tangu tulipokuzika, wanafunzi wako wa jiografia wamepewa mwalimu mwingine, anayefundisha ameketi. Viatu vyako vya safari bado viko nyuma ya mlango, na nikifagia ninavizunguka. Jirani zetu wameacha kuniuliza, "Mwalimu ametembea wapi tena?" Zamani swali hilo lilikuwa linanikasirisha. Sasa ningelipa ili mtu aniulize.

Unakumbuka siku ulipouleta huo mfuko? Ulikuwa umeuchimbua sokoni, kwenye balo la nguo zilizovaliwa, ukafika nyumbani unacheka peke yako. Wa bluu, na juu yake maandishi meupe makubwa: Extrême, saba chini ya sifuri. Mama akakutazama. "Unataka kulala mu gunia kama mihogo?" Wewe ukaingia humo humo sebuleni, mchana, jua likiwaka, ukafunga zipu mpaka puani. Jasho likakutoka. "Ona, Mama! Inafika mpaka saba chini ya sifuri. Huku kwetu baridi haijafikaka pale!" Nikakuuliza extrême ni nini, ukaniambia ni ya hali ya juu, kama wanavyoandika kwenye sabuni. Tulicheka mpaka Mama akashika mlango asianguke.

Ulipenda kutembea, wewe. Kabongo kwa miguu, Kaniama kwa miguu, pikipiki zinakupita zinakufunika vumbi, watu wanakuuliza kama umepoteza nauli. Unarudi mwembamba, mweusi, mgongo umechubuka kwa mkoba, na macho yanang'aa. Sikuwahi kuelewa ulichokuwa unakitafuta huko. Nilijua tu kwamba ukirudi, nyumba inakuwa na sauti.

Halafu ukataka kwenda juu, kule milimani ng'ambo ya mto Lualaba, wewe na rafiki yako Banza. Asubuhi ya kuondoka Mama alitoka na blanketi la kijivu mikononi. "Beba na hii, mutoto wangu." Ukalipima kwa mkono, ukatikisa kichwa. "Mama, inalemea. Niko na saba chini ya sifuri." Ukaingia tena chumbani, ukalikunja vizuri, ukaliacha juu ya kitanda chako. Ulikuwa mtoto mwenye adabu hata katika upumbavu. Nisamehe neno hilo. Hapana, usinisamehe, nimekasirika.

Ulirudi juu ya lori, kifua kimebana. Hospitalini Mama alikushika mkono, akakuuliza swali moja tu: "Ulisikia baridi kule?" Pumzi yako ilikuwa inahesabika, yaya, kila mtu pale aliiona. Na wewe ukaichukua hiyo pumzi ukasema: "Hapana, Mama. Nililala muzuri. Joto." Hukusema kitu kingine cha maana baada ya hapo.

Mama anaishi kwa neno hilo. Wanawake wa kanisa wakija kumfariji, anawaambia: ugonjwa ulimchukua, lakini hakuteseka na baridi, mwenyewe aliniambia. Halafu anawaonyesha mfuko, anawasomea ile nambari kwa kidole. Nao wanaitikia, "Asante Yesu," wanarudi kwao.

Mimi ninajua, lakini. Kwenye kilio Banza alinivuta nyuma ya jiko akalia kama mtoto. Alisema asubuhi kule juu majani yalikuwa meupe kwa umande ulioganda. Alisema ulitetemeka mpaka ukashindwa kushika kikombe, akakuvika koti lake mwenyewe, na maneno yako yalikuwa yanaburuzika kama ya mlevi. Nilimwambia: Banza, hayo usiyaseme tena mahali popote. Akaapa.

Baadaye nikaufua mfuko, na ndani, karibu na zipu, nikakuta kitambaa kidogo kilichofifia. Nambari tatu, yaya! Si moja. Confort, digrii kumi juu ya sifuri. Limite, sita. Na ile ya mwisho, Extrême, saba chini ya sifuri. Nilikwenda kutafuta maana yake kwenye kompyuta ya ofisi ya shule, mkurugenzi akiwa ametoka. Ya kwanza ni baridi ambayo mtu wa kawaida anaweza kulala humo bila taabu. Ya pili ni ya mwanaume mwenye nguvu, amejikunja, anasubiri kuche. Ya tatu si ya kulala hata kidogo. Ya tatu wanasema tu kwamba labda hutakufa, kwa saa chache, na mwili unaweza kuharibika. Na hiyo njo waliyoiandika nje kwa herufi kubwa!

Na unajua walipimaje? Kwa sanamu. Kweli! Wanachukua sanamu ya mtu, wanaipasha moto kwa umeme, wanaivika nguo ndefu za ndani, wanailaza kwenye mfuko mpya, juu ya godoro zuri, ndani ya chumba cha baridi. Sanamu haikuvuka mto na suruali ikalowa. Haikupanda mlima siku nzima na tumbo tupu. Hailali juu ya nyasi. Na ule wako haukuwa mpya, ulifuliwa na watu tusiowajua, ukabanwa kwenye balo, pamba yake yote imekimbilia miguuni. Niliuanika uani, nikaliona jua kupitia mgongoni. Mtu aliyeuandika hakukudanganya, hilo ndilo linaloniua. Maneno yote yalikuwemo, pale ndani, madogo. Nani angekuambia kwamba extrême maana yake ni kifo kiko mlangoni?

Kumi, yaya. Hata hapa Kamina, asubuhi za baridi, tunafika hapo. Njo maana Mama anatetemeka.

Kila jioni ninampelekea lile blanketi la kijivu, kila jioni analisukuma kabla sijalikunjua, nami nalirudisha kitandani kwako. Mwanzoni nilidhani ni kwa sababu mfuko una harufu yako. Nikagombana naye, nikamwita kichwa kigumu, Mungu anirehemu. Juzi njo nilielewa. Kama mfuko haumpi joto yeye, hapa, ndani ya nyumba ya matofali, basi haukukupa wewe kule juu. Akikubali blanketi, amekubali kwamba ulikufa na baridi. Kwa hiyo anatetemeka na anasema joto. Anakutunzia neno lako. Na mimi nifanye nini? Nimwambie ukweli nimvunje, au ninyamaze nimzike kando yako? Daktari amesikiliza kifua chake, amesema asikae na baridi hata kidogo. Niambie, wewe uliyejua njia zote. Niambie!

Niliacha kuandika hapa, Mama aliniita.

Ninaendelea.

Nilimkuta ameketi kitandani, mfuko umefungwa mpaka kifuani, meno yanagongana. Hakunitazama. Akasema: "Ngoie, ile blanketi aliachaka iko wapi?"

Nililitoa kwenye kitanda chako, lilikuwa bado limekunjwa vile ulivyolikunja. Nikamfunika juu ya mfuko, mabega, miguu, nikaingiza pembe chini ya godoro. Akalipapasa pindo. Halafu akasema, taratibu, "Mutoto wangu alisikia baridi." Hakuwa ananiuliza. Nilishindwa kumdanganya na nilishindwa kuitikia, nikamfunika tena mabega. Akalia, yaya. Siku ya mazishi hakulia hivi, siku ile alikuwa bado na neno lako.

Sasa amelala. Ninamwona kutoka hapa mezani, hatetemeki tena. Nilikuwa ninaomba kila siku alichukue lile blanketi, na sasa amelichukua, na mimi natamani alisukume.

Kwaheri, mkubwa wangu. Uliko, kama kuna baridi, sina la kukufanyia, na hilo sitalizoea. Ninakuahidi vitu viwili. Habari ya majani meupe na ya kikombe Mama hataisikia kwangu, nitakufa nayo. Na kila jioni ya kiangazi, maadamu yuko hai, nitamfunika kwa mikono yangu.

Ulisema kweli kuhusu lile blanketi. Linalemea.

Mdogo wako,
Ngoie